Kiingereza cha Mtihani na Watoto wa Ndau

Nina swali ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wazee wetu wa visiwa vya Lamu. Mtoto aliyehifadhi Kurani juzuu baada ya juzuu, kisha akakaa mbele ya maalimu akasoma nahau ya Kiarabu, kwa nini huanguka katika Kiingereza? Akili anayo, na subira anayo. Kukaa kitako na maneno ya kigeni mpaka yamganda kichwani ndiko alikolelewa nako tangu utotoni.

Wako wanaojibu kuwa ni umbali. Ndau ni kisiwa cha Wabajuni, kiko baina ya Pate na Kiwayu, wala hakifikiwi ila kwa chombo. Vitabu huja kwa mashua, na walimu huja kwa mashua, na wengine huondoka upesi kuliko walivyokuja. Hayo ni kweli. Lakini mimi naona iko ila nyingine, nayo ni namna tunavyowazoeza watoto lugha yenyewe.

Wakati wa likizo huletewa madaftari ya insha niyasahihishe. Kijana ambaye asubuhi yake yote ni pwani na nyavu huandika kuwa alikuwa katika barabara kuu ya Nairobi, basi likapinduka, ving'ora vikalia, akazinduka hospitalini. Ameyatoa wapi? Amekariri insha ya mtu mwingine iliyopata alama nzuri. Basi hilo limekwisha kupinduka mbele ya watahini mara nyingi mno, nao wamechoka nalo. Kijana huyo huyo umwulize mashua hupitaje mkondoni wakati wa bamvua, au wazee wa Kibajuni walikuwa wakimtumiaje samaki wa kunata kumnasa kasa, atakueleza mpaka chai ipoe. Mbona hazoezwi kuyasema hayo kwa Kiingereza?

Msomaji asidhani kuwa habari za bahari ni duni mbele ya Mzungu. Joseph Conrad, mtu wa Poland, alifika Uingereza mwaka 1878 akiwa baharia wa miaka 20, na Kiingereza chake kilikuwa haba kabisa. Alijifunza miongoni mwa mabaharia, na baadaye akahesabiwa katika waandishi wakubwa wa lugha hiyo. Vitabu vyake vingi ni vya merikebu, dhoruba na bandari.

Na tufanye hesabu. Mtihani wa KCSE, ulioanza mwaka 1989, una karatasi 3 za Kiingereza zenye jumla ya alama 200. Maswali ya sarufi peke yake ni alama 15, na kujaza nafasi zilizoachwa wazi ni alama 10. Kuandika barua, ripoti au kumbukumbu za mkutano ni alama 20. Karatasi ya tatu yote, alama 60, ni insha, na 40 kati ya hizo zatoka katika vitabu vilivyoteuliwa. Mtoto anayekesha na orodha ya vitenzi bila ya kusoma kitabu wala kuandika ukurasa mmoja wake mwenyewe, huyo anavua kidimbwini na bahari iko nyuma yake.

Sisemi sarufi iachwe, hasha. Ila makosa ya watoto wetu yana asili yake, na mwalimu mwema huitafuta. Mtoto akiandika “I heard a bad smell”, si mjinga, kwa Kiswahili harufu husikiwa. Akichanganya “he” na “she” ni kwa sababu kwetu mwanamume ni yeye na mwanamke ni yeye. Zipangwe lugha mbili ubavu kwa ubavu, mtoto aone mwenyewe zinapoachana.

Hapa ndipo elimu ya chuoni ingetufaa sana, nasi tumeifungia nje ya darasa. Mwanafunzi wa nahau ajua kuwa kitabu, katibu na maktaba ni watoto wa mzizi mmoja. Huyo hashindwi kuona udugu wa “write”, “writer” na “written”. Kisha aambiwe kuwa “sugar” ni sukari, “coffee” ni kahawa, na “zero” na sifuri yatoka katika neno moja la Kiarabu. Hata “monsoon”, ambayo ni pepo zetu za kaskazi na kusi, ni mausim ya Kiarabu, musimu yetu, iliyofika kwa Waingereza kupitia kwa Wareno. Neno lililopatikana hivyo halipotei usiku wa kuamkia mtihani.

Iko hofu ya kale kuwa Kiingereza humtoa mtoto katika dini. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa akitoa gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wa pwani watafute elimu ya zama zao, na papo hapo akawaonya wasiige kila la Mzungu. Aliyaona mambo hayo mawili yanakaa pamoja, nami sioni la kumpinga.

Walio na shaka wakumbuke kesi ya bandari mpya ya Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kuwa wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyowapata. Hukumu hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Mvuvi ambaye riziki yake ndiyo iliyokuwa ikizungumzwa humo alihitaji mtu wa kumsomea, na msomaji huyo mara nyingi si wa kisiwani kwake.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa sekondari na kwa viongozi wa wavuvi. Wavuvi wanapokutana pwani, wanafunzi wawili wa kidato cha tatu waketi nao wakiwa na madaftari. Waandike kumbukumbu za mkutano kwa Kiswahili, zisomwe mbele ya wazee na zirekebishwe, kisha waziandike upya kwa Kiingereza wampelekee mwalimu. Mwenyekiti atabaki na nakala mbili za kutia faili, na mwalimu atakuwa na la kusahihisha lisilo na basi lililopinduka.