"Mtandao Unasumbua": Tukiulize Kiini cha Kompyuta

Sijui kama kuna sentensi inayotamkwa mara nyingi zaidi katika ofisi zetu za umma kuliko hii: "mtandao unasumbua." Imerithi kiti cha "njoo kesho" ya zama za mafaili. Lakini "njoo kesho" ilikuwa na mwenyewe. Karani aliyeitamka ungeweza kumtazama usoni na kumlaumu. Mtandao hauna uso, hauna meza, wala hauna mkuu wa idara wa kulalamikiwa.

Mkoani Kigoma sentensi hiyo ina bei inayohesabika. Mkazi wa Kagunga, mpakani na Burundi, huja mjini kwa boti. Anakuja kutafuta kumbukumbu namba ya malipo ya leseni yake, au kufuatilia kitambulisho, anaambiwa mtandao unasumbua, naye anatafuta pa kulala. Mwaka 2024, Serikali ilipolifunga Ziwa Tanganyika kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, wavuvi walikaa miezi mitatu bila kutupa nyavu. Mtu wa namna hiyo hana siku ya ziada ya kuutolea sadaka mtandao.

Hoja yangu ni kwamba kauli hiyo inaweza kupimwa, na kwamba kutoipima ni uamuzi wa kiutawala.

Ndani ya kila kompyuta kuna mfumo endeshi, na ndani ya mfumo endeshi kuna kiini, yaani ile programu inayoshika mamlaka yote ya mashine. Kila kiolesura cha mtandao, kiwe cha waya au cha mawimbi, kinasimamiwa na kiini hicho. Kiini hakitoi maoni, kinahesabu: baiti ngapi zimeingia, ngapi zimetoka, pakiti ngapi zimefika zikiwa zimeharibika, ngapi zimetupwa. Kwenye mashine ya Linux, mtumiaji yeyote, bila cheo chochote, hufungua faili liitwalo /proc/net/dev na kuziona hesabu hizo zote. Chini ya /sys/class/net kuna faili jingine linaloandika 1 kama waya una uhai upande wa pili, na 0 kama hauna. Kwenye Windows, amri netstat -e hutoa jumla zinazofanana na hizo.

Hali haikuwa hivi tangu mwanzo. Katika Unix za zamani, programu iliyotaka kujua hali ya kiolesura ilibidi ichungulie kumbukumbu ya kiini kupitia mlango uitwao /dev/kmem, na ilihitaji ruhusa ya pekee. Wahandisi walipobadilisha mpangilio wa ndani wa kiini, programu hiyo ilitoa takataka hadi iandikwe upya. Baadaye ikajengwa milango rasmi: mtumiaji anauliza kwa utaratibu unaojulikana, kiini kinajibu, na hakuna anayelazimika kuvunja ukuta. Mwaka 1991 kilichapishwa kiwango cha kimataifa, RFC 1213, kilichoorodhesha taarifa ambazo kifaa cha mtandao kinapaswa kuwa tayari kuzitoa kikiulizwa. Nawaomba wanafunzi wa sayansi ya siasa wasiirukie aya hii. Pasipo na mlango rasmi wa kuuliza, taarifa hubaki kwa walio karibu na kiini, na sisi wengine huishi kwa fununu.

Turudi kwenye kaunta ya karani. Faili la waya likisema 0, tatizo limo ndani ya jengo: waya umechomoka, au swichi haina umeme. Makosa ya pakiti yakipanda kila dakika, huenda waya umechakaa au kichwa chake kimelegea. Waya ukiwa hai, baiti zinatoka lakini zinazorudi karibu hazisogei, kasoro imevuka kuta za ofisi. Ipo kwenye ruta, au kwa mtoa huduma, au mbele zaidi. Na hesabu zikipanda vizuri pande zote mbili huku mfumo ukiwa haufunguki, mtandao umesingiziwa; wa kuulizwa ni mwenye seva. Ni majibu manne, na kila moja lina ofisa wake. "Mtandao unasumbua" huyakoroga yote chungu kimoja ili asipatikane hata mmoja.

Mambo haya ya kinachoingia na kinachotoka si mageni Ujiji. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Uvira wakiutafuta Mto Rusizi, wakaambiwa na wenyeji kwamba unaingia ziwani. Mtoni kwenyewe hawakufika, na ubishi ukaendelea Ulaya kwa miaka 13. Novemba 1871 Livingstone na Stanley waliondoka Ujiji kwa mtumbwi, wakaenda hadi ncha ya kaskazini, wakautazama mto: unaingia. (Wenyeji walikuwa wamekwisha kusema, lakini hilo ni somo la siku nyingine.)

Sitaki kumwahidi msomaji zaidi ya uwezo wa chombo. Kiini kinashuhudia mlango wake tu. Nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini Mei 2024, na intaneti ilipozimwa nchini siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, kompyuta ya Kigoma ingeonyesha jambo lilelile: waya hai, majibu hayarudi. Moja ni ajali na jingine ni amri, na hesabu za kiolesura haziwezi kuvitofautisha. Lakini zinaweza kuthibitisha kwamba kasoro haikuwa ya ofisi, na saa yake kamili, na hapo ndipo wa nje wanapoanza kudaiwa maelezo.

Jambo la pili ni uandishi wa kumbukumbu. Hesabu hizi huanza upya mashine inapozimwa, na umeme wetu tunaujua. Zile za baiti zilizowekwa katika RFC 1213 hufika 4,294,967,295 na kurudi sifuri. Kwenye njia ya gigabiti moja kwa sekunde iliyojaa, hilo huchukua takriban sekunde 34. Anayezisoma kila baada ya dakika tano atapata namba safi kwa macho na ya uongo kwa maana. Kwa hiyo zitumike hesabu pana za biti 64, zisomwe kwa ratiba, na ziandikwe nje ya mashine inayopimwa.

Nimesikia pingamizi la usalama. Halina uzito hapa. Hesabu hizi husema ni baiti ngapi zimepita, hazisemi zilibeba nini wala ni za nani.

Manispaa ya Kigoma-Ujiji ina historia katika jambo hili. Mwaka 2016 ilikuwa miongoni mwa serikali 15 za ngazi ya chini duniani zilizochaguliwa kuanza majaribio ya Mpango wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi. Mwaka uliofuata Tanzania ilijitoa katika mpango huo, na manispaa ikabaki haina mgongo wa kuegemea. Mwaka huohuo wa 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, ambayo bado ipo. Inampa mwenye taarifa hadi siku 30 za kujibu. Kiini hujibu kabla hujainua kidole kwenye kibodi, lakini tusiwe wachoyo wa subira.

Ninachopendekeza ni kidogo. Kila ofisi inayohudumia wananchi kwa mfumo, Afisa TEHAMA aweke programu inayosoma hesabu za kiolesura kila dakika moja, na mwisho wa mwezi ibandikwe karatasi moja kwenye ubao wa matangazo: saa ambazo huduma ilikatika, na kasoro ilikuwa upande gani kati ya ile minne. Wanaharakati wa Kigoma wanaweza kuanza kwa kuomba rekodi hiyo kwa barua, chini ya sheria niliyoitaja, hata wakijua kwamba haipo. Jibu la maandishi kwamba ofisi haina rekodi ya kukatika kwa huduma yake yenyewe litakuwa na kazi yake baraza la madiwani litakapokutana. Programu yenyewe mwanafunzi wa mwaka wa pili anaimaliza kwa alasiri moja. Kibali cha kubandika karatasi ndicho ninachodhani kitachukua muda.