Mabomu ya Mwanza Hayakuwa Kichekesho

Wapo walimu na watumishi wa umma wanaosimulia habari ya Machi 29, 1979 kama kichekesho. Siku hiyo ndege ya Libya ya kudondosha mabomu, aina ya Tupolev Tu-22, iendayo kasi kuliko sauti, ilitumwa kuteketeza matangi ya mafuta mjini Mwanza. Ikayakosa. Mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama ya Saanane, yakaua swala kadhaa. Darasa linacheka, kengele inalia, somo limekwisha.

Katika kata ya Mabwerebwere, wilayani Kilosa, si kazi kuwachekesha watoto kwa habari hiyo. Mbuga ya Mikumi iko jirani na swala wanawajua. Lakini mtoto anayecheka hajaambiwa kwamba rubani yule hakuwafuata swala. Aliufuata mji wenye watu, na kilichouokoa ni shabaha yake mbovu tu.

Wala hajaambiwa yaliyotangulia. Oktoba 1978 majeshi ya nduli Idi Amin yaliivamia Kagera, yakaua na kupora, naye akatangaza kwamba ardhi hiyo ni mali yake. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukashindwa kumlaani. Majeshi ya Tanzania yalipoikaribia Kampala, Kanali Gaddafi alitoa saa 24 yaondoke Uganda. Mwalimu Nyerere akakataa, tena hadharani, katika redio. Ndipo Tu-22 ikaja.

Ndege hizo zilinunuliwa Urusi kwa fedha za petroli, na utawala ulionunua ulihubiri mchana na usiku kupinga ubeberu. Basi na itazamwe kazi yake. Machi 16, 1984 moja ilipiga Omdurman, Sudan, watu wakafa. Februari 17, 1986 nyingine ilipiga uwanja wa ndege wa N'Djamena, Chad. Marekani ilipozishambulia Tripoli na Benghazi Aprili 1986, si ndege hizo zilizojibu. Ushujaa wao ulikuwa juu ya vichwa vya Waafrika.

Na asitokee mtu akadai kwamba Tanzania ilishinda kwa kuwa na ndege bora. Ndege zake chache zilijibu mapigo mapema Aprili, ni kweli. Lakini Kampala ilitwaliwa Aprili 11, 1979 na watu waliokwenda kwa miguu kutoka mpakani: askari wa Jeshi la Wananchi, wakiwemo maelfu ya mgambo walioacha majembe vijijini, pamoja na wazalendo wa Uganda. Mwalimu anayewataja swala akawasahau mgambo anawadhulumu wazee ambao huenda wanaishi hatua chache kutoka shuleni kwake.

Ramani ya Afrika itundikwe ukutani. Mtoto aoneshe kwa kidole Mwanza, kisha Omdurman, kisha N'Djamena, na aulizwe ni upi kati ya miji hiyo ulikuwa wa mabeberu. Swala wa Saanane wanaweza kusubiri kipindi kinachofuata.