Vita ya Jirani Si Soko Letu

Kaa nusu siku karibu na maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) hapa Kizota, Dodoma, usikilize maneno ya watu. Magunia yakiwa yanashushwa, hakosi mmoja wa kusema, "Kongo wakiendelea kupigana, mahindi yatapanda." Wapakiaji husema hivyo, na walanguzi wanaotoka sokoni Kibaigwa, hata watu waliosoma. Husemwa kama busara ya biashara. Mimi nasema ni ujinga, tena wa hatari.

Anayesema hivyo amemchanganya mwenye njaa na mteja. Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa na uwanja wa ndege ukafungwa. Mama muuza unga wa pale, mwenye akiba yake benki, hakuweza kuitoa hata ya kununulia debe moja. Njaa yake ilikuwa kubwa kuliko ya jana, lakini mahindi yetu hakuweza kuyanunua.

Utaniambia mashirika ya misaada hununua. Ndiyo, kwa fedha ya wafadhili wa mbali, nao huchoka. Mwaka 2023 wakimbizi waliopo Kigoma walipunguziwa mgao wa chakula hadi nusu kwa sababu fedha hiyo ilipungua. Mkulima wa Kongwa atapangaje msimu wake kwa kumtegemea mnunuzi wa namna hiyo?

Tazama basi malori. Barabara hii ya Singida ndiyo njia ya Rwanda, Burundi na Kivu, huko mashariki mwa Kongo. Lakini sehemu kubwa ya shehena ya Kongo inayoshushwa bandari ya Dar es Salaam haipiti kwetu. Inapita mpaka wa Tunduma kwenda Katanga, kwenye shaba. Shaba hiyo ina nguvu yake, sikatai. Ila Kivu nako kuna dhahabu, bati, ardhi yenye rutuba na mamilioni ya watu wanaokula ugali kama sisi. Kinachokosekana ni usalama. Septemba 2016, waasi wa Mai Mai waliwateka madereva wa Kitanzania huko Kivu Kusini na kuchoma malori. Baada ya habari kama hiyo, tajiri akikubali kutuma gari atadai nauli ya kufidia hofu, na nauli hiyo itakatwa kwenye bei ya gunia shambani.

Wengine hujifariji kwamba Kivu ni mbali. Kagera nayo ni mbali. Mwaka 1979, vita ya huko na Idi Amin ilipokwisha, Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita, miaka ikafuata, na wazee wa Dodoma bado wanakumbuka foleni za sukari na sabuni, ingawa hapa haikulia hata risasi moja. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24. Kawaulize watu wa Ngara, waliowapokea, misitu yao ilikwenda wapi.

Na Desemba 7, 2017, kule Semuliki, Kongo, waliuawa askari wetu wasiopungua 14 waliokwenda kulinda amani. Amani ya Kongo basi ni jambo letu, na Bunge liko hapa hapa Dodoma. Bajeti ya kilimo itakapojadiliwa, nataka mbunge asimame amuulize Waziri wa Mambo ya Nje, siyo wa Kilimo peke yake, soko la mahindi litafunguliwa lini.