Theluji Ina Msamaha, Matope Hayana

Kila Januari simu za Eldoret hujaa theluji. Ni vigumu kupata ukoo hapa usio na mtu ng'ambo, aliyeenda kukimbia, kusoma au kutunza wazee wa watu, na baridi ikikaza huko picha zinaanza kuingia: gari limezikwa mpaka vioo, mlango hausukumiki, mtoto kasimama dirishani na blanketi. Sisi huku tunajibu, "Woiye, poleni sana." Jumapili wanatajwa kwenye maombi. Mimi sina ugomvi na maombi. Ninachouliza ni hivi: ikifika Aprili, jirani yangu akifungiwa nyumbani na mvua ya hapa hapa, mbona hakuna wa kumwambia pole? Yeye anakatwa mshahara.

Binti wa dada yangu anaishi Minneapolis, na ndiye aliyenieleza mambo ya huko. Theluji ikizidi, jiji linatangaza dharura. Kuanzia saa tatu usiku magari yanatakiwa yaondoke kwenye barabara kubwa ili mashine zipite. Siku ya pili wanasafisha upande mmoja wa barabara ndogo, siku ya tatu upande wa pili. Ukiacha gari lako njiani linavutwa, na kulikomboa ni pesa. Theluji ikishakoma, mwenye nyumba ana saa 24 za kusafisha njia ya miguu mbele ya mlango wake. Shule nazo hufunga, au watoto wanasomea kwenye kompyuta. Nilipomsikiliza, mashine hazikunishangaza sana, kwa sababu nchi tajiri lazima iwe na mashine. Kilichonishangaza ni kwamba siku yenyewe ina jina na ina kanuni. Aliyefungiwa anajulikana kuwa amefungiwa.

Sisemi kwamba huko ni peponi. Yeye mwenyewe anatunza wazee, na mzee hawezi kuachwa kitandani kwa sababu kuna theluji. Kuna usiku analala kazini. Tena Desemba 2022, kule Buffalo katika jimbo la New York, dhoruba moja iliangusha theluji ya zaidi ya sentimita 130 na ikaua watu zaidi ya 40 katika eneo hilo. Amri ya kuzuia magari ilitolewa Ijumaa asubuhi, tarehe 23, wakati dhoruba imeshaingia na wengine wameshakwenda kazini. Kuna waliokufa ndani ya magari yao. Lakini angalieni kilichofuata: viongozi waliulizwa kwa nini amri ilichelewa. Maskini huumia popote pale, ila kule kulikuwa na swali, na swali lilielekezwa kwa mwenye madaraka.

Huku kwetu swali linaelekezwa kwa aliyekwama.

Eldoret iko juu, karibu mita 2,100, na mvua yetu haina haraka. Inaanza mwisho wa Machi, na mpaka Septemba bado inanyesha. Saa nane mchana jua, saa tisa wingu jeusi, saa kumi mabati yanalia hata huwezi kusikia redio. Mara nyingine ni mvua ya mawe, uwanja unageuka mweupe, watoto wanatoka mbio wakipiga kelele kwamba ni snow, na sisi watu wazima, bila aibu, tunapiga picha na kuituma Minneapolis. Nusu saa imeyeyuka. Kinachobaki ni matope, na hayo hakuna anayeyapiga picha.

Mtaa wetu uko nje kidogo ya mji, nyumba za kupanga za mabati na mawe, barabara ya udongo mwekundu. Mvua ya siku tatu ikishika, boda wa shilingi 50 anataka 200, halafu anakuacha katikati kwa sababu pikipiki imeshindwa. Unavaa gambuti, viatu vya kazi umevishika mkononi. Pale mtaro ulipofurika vijana wameweka ubao, shilingi kumi kuvuka, na siwalaumu, angalau wao wamejenga daraja. Ukifika kwenye lami unaosha miguu kwa maji ya mtaro huo huo. Hiyo ni siku ambayo unapita. Kuna siku hupiti: kijito kimehamia barabarani, kinakwenda kasi, na mama mwenye akili hawezi kukanyaga maji ambayo haoni chini yake.

Jirani yangu hupika kwenye mkahawa mmoja mjini. Anatakiwa awe jikoni saa kumi na mbili asubuhi. Mwisho wa Aprili 2024 alikaa nyumbani siku mbili kwa sababu ya kijito hicho. Siku ya tatu alivuka, akafika saa mbili, akaambiwa kwamba wenzake wanaotoka mbali zaidi wamefika. (Wenzake wanakaa karibu na lami, lakini hilo halipimwi kwa kilomita.) Alikatwa siku tatu, pamoja na ile aliyofanya kazi.

Sasa wiki hiyo hiyo serikali ilikuwa inafanya nini? Shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili. Serikali ikasogeza mbele kwa sababu ya mvua, ikasogeza tena, na watoto wakarudi darasani tarehe 13 Mei. Kwa hiyo taifa zima lilikubali kwamba mvua ile haipitiki. Watoto wa jirani yangu walisamehewa, na mama yao akatakiwa apite matope yale yale saa kumi na moja gizani.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mwajiri kukata mshahara wa siku ambayo mfanyakazi hakufika bila ruhusa au sababu nyingine halali. Basi niambieni, mto uliolala barabarani ni sababu halali au si halali? Na nani atapanda kortini kudai pesa za siku mbili za kupika chapati? Nauli peke yake itazimaliza.

Najua nitakachojibiwa. Kwanza, kwamba mvua ni baraka. Ni kweli, mimi pia nina ndugu wenye mahindi shambani, na wanaisubiri wakiangalia juu. Baraka ya shamba haimzuii mtu kukwama mjini. Pili, kwamba hatuna pesa za mashine kama Wamarekani. Nani ameomba mashine ya theluji? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti barabara zao na mitaro ya maji ya mvua mahali penye majengo. Kazi hiyo ina mwenyewe kisheria. Na tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hati ya kuwa jiji, la tano Kenya. Tulicheza barabarani siku hiyo. Jiji lipitishe greda Februari, udongo ukiwa mkavu, kwa sababu likipita Aprili linakoroga uji tu.

Tatu, na hili husemwa kwa sauti ya chini na wenye biashara: tukianza kusamehe, watu watalala. Huyu anayesema hivyo ana gari la magurudumu manne yanayovuta yote. Hata hivyo nimjibu. Idara ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya mvua kubwa na hutaja kaunti kwa majina. Tahadhari ikitaja yetu, na mfanyakazi akiwa anakaa mtaa usio na lami, asikatwe siku hiyo. Hakuna haja ya barua ya daktari wala ya chifu. Mwajiri anajua watu wake wanakaa wapi, huwa anawapigia usiku akiwataka.

Na kabla hata hilo halijakubaliwa kuna jambo lisilogharimu shilingi. Kwenye daftari la mahudhurio, msimamizi aandike "mvua" pale ambapo sasa anaandika "hakuja". Mwisho wa mwezi mwenye biashara ahesabu maneno hayo, kisha achukue simu ampigie diwani wake.