Msiba Uliozaa Msaada

Mama mpenzi, juzi hapa Nkunga nilikuwa namenya ndizi huku mwanangu akisikiliza muziki wa roki. Akaniambia, "Mama, huyu mwimbaji alizaliwa Zanzibar." Ni kweli. Freddie Mercury wa kundi la Queen alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946.

Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza kwamba ana UKIMWI. Kesho yake akafariki nyumbani kwake London, akiwa na miaka 45. Wapenzi wake walijaza maua mlangoni pake, wakalia. Lakini hawakuishia kwenye machozi. Tarehe 20 Aprili 1992 walijaa uwanja wa Wembley katika tamasha la kumkumbuka. Mapato yake yalianzisha mfuko wa Mercury Phoenix Trust, unaosaidia vita dhidi ya UKIMWI.

Nasi je? Misibani tunapika, tunaimba, tunachanga. Ni vema. Lakini sisi wauguzi tunajua wapo wanaoficha vidonge ndani ya debe la mahindi kwa kuogopa maneno yetu. Siku wageni wakijaa nyumbani, dozi inarukwa. Dawa za siku hizi humwezesha mgonjwa kuishi miaka mingi na kulea wanawe, mradi azimeze kila siku.

Basi mama, tusingoje matanga ndipo tuonyeshe upendo. Ukimkuta jirani anameza dawa, mpe maji, usimwulize za nini. Na ukitoka hapo, usisimulie.