Hao 40 Hawakatwi

Kila nikisikia mtu na maikrofoni akisema Kakamega ina "karibu watu milioni mbili," huwa nataka kumuuliza: hao wengine umewatoa wapi? Sensa ya Agosti 2019 ilihesabu watu 1,867,579. Ukisema milioni mbili, umeongeza 132,421. Ukijifanya mwangalifu useme milioni 1.9, bado umeingiza watu hewa 32,421. Nchi hii tunapigia kelele wafanyakazi hewa, lakini wananchi hewa tunawapigia makofi.

Nambari hii ina tabia zake. Ni witiri: tupange wawili wawili, mmoja atabaki amesimama peke yake. Haigawanyiki kwa 3 wala kwa 5. Igawie maeneobunge yetu 12, kuanzia Lugari hadi Ikolomani, na watu 7 watakosa pa kwenda. Lakini 7 yenyewe inaingia sawasawa, mara 266,797. Na hiyo 266,797 ni nambari tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kwa hivyo ukitaka kutugawa kwa makundi yanayolingana bila kumwacha mtu nje, una njia mbili tu: makundi 7 makubwa, au makundi 266,797 ya watu saba saba.

Utaniambia, hizo ni hesabu za darasani, zinatuhusu nini? Zinatuhusu hivi. Sensa ya 2019 ndiyo ya kwanza Kenya kuwahesabu huntha, watu ambao maumbile yao ya kuzaliwa hayaangukii wazi upande wa kiume wala wa kike. Kakamega ilipata wanaume 897,133, wanawake 970,406 na huntha 40.

Sasa watoe hao 40. Unabaki na 1,867,539. Ghafla 3 inaingia bila baki, na 7 imekataa. Hiyo ni nambari nyingine kabisa. Lakini ziandike zote mbili kwa mtindo wa wakubwa, milioni 1.87, na hutaona tofauti. Wawepo, wasiwepo, 1.87 ni ile ile. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Wajuaji watasema sensa yenyewe ina makosa: kuna nyumba zilirukwa, kuna watoto waliozaliwa kesho yake. Sawa, sikatai. Lakini mizani ya duka ikiwa na kasoro, unarekebisha mizani, humwambii mteja achukue sukari "karibu kilo mbili." Tena huenda huntha wetu ni zaidi ya 40. Kumwambia karani wa sensa jambo kama hilo, familia nzima ikisikiliza, si mchezo. Waliothubutu hatuna ruhusa ya kuwafuta kwa sababu desimali inapendeza kwenye hotuba.

Kata nambari ukitaja umbali wa kwenda Kisumu, hakuna atakayelia. Idadi ya watu iandike yote, hadi hiyo 9 ya mwisho.

Na ukiletewa jedwali la kaunti lenye safu mbili pekee, wanaume na wanawake, toa simu ujumlishe mwenyewe: 897,133 na 970,406. Jumla haitafika 1,867,579. Hapo hapo, mbele ya watu, uliza hao 40 wamepelekwa wapi.