Daktari wako alijifunzia kwa maiti ya nani? Swali ambalo hata wanafunzi wa udaktari wanalikwepa

Ukipatana na msee anasomea udaktari, muulize hivi: "Siku ukidedi, utaachia chuo mwili wako wanafunzi wajifunzie?" Mimi nimeuliza mabeshte kadhaa. Kwanza wanacheka. Halafu kimya. Halafu, "Zii, mathe hawezi kubali."

Na hawa ndio wameshinda na kisu mezani, wakitafuta mshipa kwa mkono wa mtu hawajui hata jina. Siwalaumu kwa kisu. Mishipa yako na yangu haijapangwa sawa kabisa, na hiyo picha ya kitabu haiwezi kukufunza yote.

Swali ni, hiyo miili hutoka wapi? Hapa Kenya, mingi ni ile haikudaiwa. Unajua zile notisi za gazeti, hospitali ikiomba jamaa wajitokeze kuchukua maiti? Asipotokea mtu, wengi huzikwa kaburi moja. Wengine huishia chuoni, na Sheria ya Anatomi, Sura ya 249, inaruhusu. Fikiria ni nani hao: mtoto wa mtaani, mzee aliyekuja Nairobi kusaka kazi akapotelea huku, msee aligongwa na gari bila kitambulisho. Hakuna aliwauliza kama wanataka. Aliyekosa pesa ya matibabu akiwa hai ndiye anafunza daktari akiwa amekufa. Hiyo ni noma.

Lakini usiwacheke hao wanafunzi, juu wewe pia ungekataa. Kwetu mwili si wako peke yako. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mkewe, Wambui, alitaka kumzika Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema ni Nyalgunga, Siaya. Kesi ikaenda hadi Mahakama ya Rufaa, ukoo ukashinda, na akazikwa Mei 1987. Miezi 5! Kama wakili mzima alivutaniwa hivyo, wewe na kakaratasi kako utatoboa?

Bado, mambo yanabadilika. Wangari Maathai alichomwa 2011, Matiba 2018, Bob Collymore 2019. Watu walipiga kelele, kisha wakazoea. Na Sheria ya Afya ya 2017 inakuruhusu kutoa mwili wako ukiwa hai: unaandika, unasaini, mashahidi 2 wanasaini.

Cheki Thailand. Huko aliyejitolea anaitwa "ajarn yai", yaani mwalimu mkubwa. Wanafunzi wanajua jina lake, wanamheshimu kama mwalimu, na masomo yakiisha wanahudhuria akichomwa. Ukijua utaagwa hivyo, uoga unapungua. Vyuo vyetu vinaweza kuanzia hapo: mwambie mwanafunzi huyu alikuwa mtu, mpe nafasi ya kusema asante.

Mimi je? Sijasaini, sitakudanganya. Nilijaribu kumgusia mathe. Alizima TV akaniuliza kama niko mgonjwa. Lakini tuliongea, na hiyo ni zaidi ya vile familia nyingi zimewahi fanya. Si lazima usaini leo. Anza na hiyo stori nyumbani, ukijua kitu kimoja: tukiendelea kunyamaza, ile meza itaendelea kujazwa na wale hawakuwa na mtu wa kuwafuata mochwari.

Wewe ungesaini?